Mali Bila Daftari: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Upimaji wa Tofauti za Kipato Mombasa

Utangulizi

Jina la Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Wanahistoria wa uandishi wa habari humtaja miongoni mwa waasisi wa magazeti ya Kiislamu ya Kiswahili katika Afrika Mashariki. Wanazuoni humkumbuka kama Kadhi Mkuu wa Kenya na mwalimu wa makadhi waliomfuata. Nao wasomi wa siasa humtambua kama baba wa Profesa Ali Mazrui (1933-2014). Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba maandishi yake yalijishughulisha pia na mali: nani anayo, nani hana, na ni kwa njia gani inatoka mkono huu na kuingia mkono ule. Makala haya yanayapitia maisha yake kwa jicho hilo, huku yakilinganisha namna alivyoitazama tofauti ya mali katika mji wake na namna wanauchumi wanavyoipima tofauti ya kipato katika nchi. Hoja kuu ni kwamba kila kipimo cha tofauti huanza na uamuzi wa nani alinganishwe na nani, na kwamba uamuzi huo ndio unaodhihirisha umaskini wa baadhi ya watu na kuuficha wa wengine.

Malezi katika mji unaobadilika

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo hadi mwaka 1837, Seyyid Said alipoutwaa. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mashuhuri aliyewahi kutiwa kifungoni na Sultani Barghash wa Zanzibar. Alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa na umri wa takriban miaka mitatu. Yatima huyo akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Baadaye alipata elimu kutoka kwa wanazuoni wawili wakubwa wa Zanzibar, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Utoto wake uliangukia wakati mzito. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi ambayo sasa ni Kenya. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid, wa ukoo wa Mazrui, aliongoza vita dhidi ya Waingereza, vita vilivyokwisha mwaka 1896 kwa kushindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Ngome ya Yesu, inayoukabili Mji wa Kale, ikageuzwa gereza. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza, na kufikia mwaka 1901 reli ilikuwa imewasili katika Ziwa Victoria.

Mabadiliko hayo yaligusa mifuko ya watu moja kwa moja. Kwa karne nyingi utajiri wa Mombasa ulipitia katika bandari ya kale, chini ya nyumba za mawe za Mji wa Kale, ambako majahazi yalitia nanga kwa majira ya pepo za kaskazi na kusi. Reli ilipojengwa, uzito wa biashara ulihamia Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, ambako magati ya meli kubwa yalianza kutumika mwaka 1926. Kutoka Ndia Kuu hadi Kilindini ni mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu. Hata hivyo, katika umri wa mtu mmoja, mwendo huo uligeuka kuwa umbali baina ya uchumi wa jana na uchumi wa leo.

Aidha, sheria mbili zilitikisa misingi ya umiliki. Mwaka 1907 utumwa uliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya, na matajiri wa mashamba wakapoteza kazi ya mikono waliyoitegemea. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mdai kuthibitisha haki yake kwa hati. Waliokuwa na nyaraka na mashahidi walipata hati. Wasiokuwa nazo, wakiwemo wengi waliokuwa watumwa na Wamijikenda wengi, walijikuta maskwota katika ardhi waliyoilima. Hata miongoni mwa waliopata, hati ilikuwa na makali mawili: ardhi iliyoandikwa ni ardhi inayoweza kuwekwa rehani na kuuzwa.

Kipimo kilichozaliwa mbali

Wakati kijana Al-Amin akidurusu fiqhi na lugha ya Kiarabu, wasomi wawili katika nchi za mbali walikuwa wakibuni zana ambazo leo hutumiwa kupima tofauti za kipato duniani kote. Mwaka 1905 Max Lorenz, Mmarekani, alichapisha makala yaliyoonyesha namna ya kuchora mgawanyo wa mali. Mwaka 1912 Corrado Gini, Mtaliano, alichapisha kazi yake juu ya vipimo vya utofauti, ambayo ndiyo chimbuko la kipimo kinachoitwa kwa jina lake.

Fikra ya Lorenz ni nyepesi kueleweka. Watu wapangwe katika safu, kuanzia maskini kabisa hadi tajiri kabisa, kisha iulizwe: fungu hili la watu lina fungu gani la pato lote? Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika mtaa mmoja mna kaya tano zenye pato la shilingi 10, 20, 30, 40 na 100 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 200. Kaya ya kwanza, ambayo ni asilimia 20 ya kaya zote, ina asilimia 5 tu ya pato. Kaya mbili za chini kwa pamoja zina asilimia 15, tatu zina asilimia 30, nne zina asilimia 50, na kaya ya tano peke yake inachukua nusu iliyobaki. Kama kaya zote zingelingana, mchoro wa mafungu hayo ungekuwa mstari ulionyooka. Kwa kuwa hazilingani, mstari unapinda na kuning'inia chini, na kadiri tofauti inavyozidi ndivyo unavyozidi kupinda.

Kipimo cha Gini huligeuza pindo hilo kuwa nambari moja. Huchukuliwa eneo lililo baina ya mstari ulionyooka na mstari uliopinda, likagawanywa kwa eneo lote lililo chini ya mstari ulionyooka. Jibu likiwa 0, watu wote wana pato sawa. Likikaribia 1, karibu pato lote limo mkononi mwa mmoja. Kwa kaya tano za mfano huu, jibu ni 0.4.

Inafaa kuzingatiwa kwamba wastani wa mtaa huo ni shilingi 40, na kwamba kaya tatu kati ya tano ziko chini ya wastani. Anayeutazama wastani peke yake ataona mtaa wenye hali ya kadiri. Anayetazama mafungu ataona kwamba nusu ya pato imo katika nyumba moja.

Sahifa na Al-Islah

Katika Mombasa ya miaka ya 1930 mchoro wa namna hiyo usingeweza kuchorwa hata kama angepatikana wa kuuchora. Serikali ya kikoloni iliwahesabu wasio Waafrika katika sensa zake. Waafrika hawakuhesabiwa kikamilifu hadi mwaka 1948. Kodi nayo haikusaidia. Kodi ya nyumba na ya kichwa waliyotozwa Waafrika haikuuliza mtu ana pato gani, bali ilihesabu vichwa na mapaa. Mali ya mji ilikuwa mali bila daftari, na wahenga wameonya kwamba mali ya namna hiyo huisha bila habari.

Ni katika mazingira hayo ambapo Sheikh Al-Amin alianza kuchapisha. Alikuwa msomaji wa wanamageuzi wa Misri, hasa Muhammad Abduh na Rashid Rida, ambaye jarida lake la Al-Manar lilisomwa sehemu nyingi za ulimwengu wa Kiislamu. Kutoka kwao aliichukua imani kwamba udhaifu wa jamii una sababu zinazoweza kuchunguzwa na kutibiwa. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu na kugawiwa watu wa mji. Mwaka 1932 ikafuatiwa na Al-Islah, yaani urekebishaji, iliyotoka kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka 1944 baadhi ya makala hayo yalikusanywa katika kitabu Uwongozi.

Hatua ya kuandika kwa Kiswahili ilikuwa na uzito wake. Mwanachuoni wa daraja lake angeweza kutosheka na Kiarabu, lugha ya elimu na heshima. Yeye alikusudia kusomwa na mwenye duka, nahodha, fundi na mwalimu wa chuo. Mada zake zilikuwa elimu ya watoto wa kiume na wa kike, umoja, uvivu, kuiga mambo ya Wazungu bila kuchagua, na mali. Aliwakemea wenzake kwa kufuja fedha katika harusi na sherehe nyingine, na kwa kuuacha urithi wa wazee wao uwatoke. Aliwalinganisha Waislamu wa pwani na jamii nyingine zilizokuwa zikiendelea mbele yao, akitaka waulize kwa nini wao wanabaki nyuma.

Lawama hizo zinaweza kusomwa kama mawaidha ya kawaida ya shehe. Hata hivyo, zikisomwa kwa jicho la mwanauchumi, zinagusa swali gumu la upimaji: ni kitu gani hasa kipimwe? Wanauchumi hutofautisha pato, matumizi na mali. Katika nchi ambazo watu wengi hawana mshahara wa kila mwezi, pato ni vigumu kulikadiria. Mvuvi au mchuuzi hawezi kueleza kwa uhakika alipata kiasi gani mwaka jana. Kwa sababu hiyo wachunguzi huuliza kaya imetumia kiasi gani kwa chakula, kodi ya nyumba, mavazi na shule. Ni njia nzuri, lakini ina kasoro yake. Kaya iliyokopa ili kufanya harusi kubwa itaonekana, katika mizani ya matumizi, kuwa na neema. Katika mizani ya mali, kaya hiyo hiyo inazama, kwa kuwa shamba lake limo rehani. Sheikh Al-Amin aliwaonya watu wa mji wake dhidi ya kuchanganya mizani hizo mbili. Shangwe za arusi hazikumzuia kuuona mnazi unaobadilisha mwenyewe.

Kwamba hofu hiyo ilikuwa na msingi, utafiti wa baadaye umethibitisha. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1980 kuhusu pwani baada ya utumwa, alizitumia daftari za hati za mauzo kuonyesha jinsi ardhi ya Mombasa na viunga vyake ilivyogeuzwa bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, na jinsi sehemu yake ilivyopita mikononi mwa wanunuzi wa Kihindi na Kizungu.

Kadhi na hesabu ya mafungu

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi kufa kwake. Kwa sadfa ya historia, mwaka 1937 ndio pia ambao kodi ya mapato ilirejeshwa nchini, baada ya jaribio fupi la mwanzoni mwa miaka ya 1920 kushindwa. Serikali ilianza kuuliza juu ya pato la watu wachache wenye uwezo; kadhi, kwa upande wake, alikuwa akiuliza juu ya mali ya kila Mwislamu ambaye mirathi yake ilifikishwa mbele yake.

Ilmu ya mirathi ni ilmu ya mafungu. Nusu, robo na thumni. Thuluthi mbili, thuluthi na sudusi: haya ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea pamoja na sheria hiyo. Mjane mwenye watoto hupata thumni. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya fungu la mtoto wa kike. Kabla ya kugawa, kadhi hulazimika kuorodhesha: nyumba ngapi, minazi mingapi, fedha taslimu kiasi gani, na deni la nani litangulie kulipwa. Mtu anaweza kuificha hali yake akiwa hai, kwa kanzu safi na mlango wa nakshi. Akifa, daftari hufunguliwa.

Wanauchumi nao wameitumia njia hiyo. Mwaka 1908 Bernard Mallet wa Uingereza alieleza namna ya kukadiria mali ya walio hai kutokana na kumbukumbu za kodi ya mirathi ya waliokufa, na mbinu zilizotokana na wazo hilo zingali zikitumika. Ni dhahiri basi kwamba kiti cha kadhi kilikuwa mahali pazuri mno pa kuutazama mgawanyo wa mali Mombasa. Isitoshe, mwanafiqhi huwa na kiwango cha nisabu, yaani kima ambacho mtu akikifikia huwajibika kutoa zaka. Kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na kinachotolewa ni asilimia 2.5. Nisabu ni mpaka uliochorwa baina ya mwenye kutoa na asiyewajibika kutoa, karne nyingi kabla ya wanatakwimu kuchora mstari wa umaskini.

Nani alinganishwe na nani

Pamoja na ubora huo, mizani ya Sheikh Al-Amin ilikuwa na mpaka wake. Alipolinganisha, alilinganisha jamii kwa jamii: Waislamu wa pwani kwa upande mmoja, na Wazungu, Wahindi na Wakristo wa bara kwa upande mwingine. Serikali ya kikoloni ilifanya vivyo hivyo kwa nia tofauti. Iliwapanga watu kwa rangi katika sensa, mishahara, kodi na hospitali. Katika mpango huo Mwarabu aliandikwa fungu moja, hata kama mmoja alikuwa na majumba na mwenzake alikuwa hamali.

Mwaka 1967 Henri Theil, mwanauchumi wa Uholanzi, alipendekeza kipimo ambacho kinaweza kugawanywa sehemu mbili: tofauti iliyopo baina ya makundi, na tofauti iliyopo ndani ya kila kundi. Kwa mizani hiyo inaonekana kwamba nchi inaweza kuipunguza tofauti ya kwanza huku ya pili ikikua. Jamii iliyobaki nyuma inaweza kupata matajiri wachache, wastani wake ukapanda, na walio wengi ndani yake wasiambulie kitu.

Ukoo wa Sheikh Al-Amin mwenyewe unatoa mfano. Mwaka 1914 sheria maalumu ilitenga ardhi ya Wamazrui huko Takaungu iwe amana ya ukoo. Ukilinganishwa na walowezi wa Kizungu, ukoo huo ulikuwa umepoteza dola na sauti. Ukilinganishwa na waliolima ardhi ya pwani bila hati, bado ulikuwa miongoni mwa wenye nacho. Ni mtu yule yule; kinachobadilika ni jirani aliyesimamishwa kando yake.

Upande huo wa pili wa mizani ulijitokeza hadharani katika miezi ya mwisho ya uhai wake. Wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamekwisha kugoma mwaka 1939, na manung'uniko yao yakachunguzwa tena na kamati ya serikali mwaka 1945. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, relini, mahotelini na majumbani, waliacha kazi kwa takriban siku 12. Wengi walikuwa wakiishi Majengo na mitaa mingine nje ya kuta za mawe za Mji wa Kale, katika vyumba vya kupanga. Madai yao yalihusu ujira usiotosha gharama za maisha, na tofauti ya malipo baina ya rangi na rangi. Kutokana na mgomo huo kiliimarika Chama cha Wafanyakazi wa Kiafrika, kilichoongozwa na Chege Kibachia. Wagomaji hawakuuliza jamii gani imebaki nyuma ya jamii gani. Waliuliza fungu la mchukuzi ni kiasi gani katika shehena anayoibeba.

Sheikh Al-Amin alifariki mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, wote walikuja kuwa Makadhi Wakuu wa Kenya. Sensa ya kwanza iliyowajumuisha Waafrika wote ilifanyika mwaka uliofuata kifo chake.

Hitimisho

Leo daftari lipo. Utafiti wa kaya wa mwaka 2015/16 uliiweka Kenya kwenye kipimo cha Gini cha takriban 0.41 kwa matumizi, karibu sawa na kaya tano za mfano uliotolewa hapo juu. Mwaka 2013 Shirika la Takwimu la Taifa na washirika wake walichapisha vipimo vya kila kaunti, kila eneobunge na hata kila wadi, hivi kwamba Mvita, ambamo kisiwa na Mji wa Kale vimo, inaweza kulinganishwa na Likoni au Kisauni, na mtaa na mtaa ndani ya Mvita yenyewe.

Nambari hizo hazimwondolei msomaji wajibu wa kuuliza maswali yanayotokana na maisha ya Sheikh Al-Amin. Je, kilichopimwa ni pato, matumizi au mali? Madeni yamehesabiwa? Matajiri, ambao mara nyingi hawafungui mlango kwa mwenye hojaji, wamo ndani ya hesabu? Na tofauti inayoonyeshwa ni ya baina ya makundi, au ya ndani yake? Sheikh alilijibu vyema swali la pili la mali na madeni katika mji ambao haukuwa na takwimu, na kwa lugha ambayo kila mwenyeji aliielewa. Swali la makundi aliligusa nusu. Nusu iliyobaki iliulizwa na mahamali wa Kilindini, na ingali inasubiri kuandikwa kwa Kiswahili chepesi kama kile cha Sahifa, ili mwenye fungu dogo aweze kulisoma fungu lake.